UZI: VAT iko ndani au iko juu? Hesabu ya 16% kwa wenye maduka na kwa anayenunua tu

Nyar_Kondele (mwanzisha uzi), Jumamosi saa 2:10 usiku

Hamjambo wote. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu: mabati, rangi, misumari, mabomba. Nimesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Wiki hii kijana mmoja aliyefungua duka Nyamasaria alinijia na kwotesheni aliyotaka kupeleka shuleni, akaniomba niipitie. Nilipoisoma nikaona pengo lile lile lililonila mimi. Nikamwambia aongeze mstari wa VAT chini ya bei yake, akaenda. Kisha nikakaa nikifikiri ni wangapi wanaandika bei hivyo kila siku bila mtu wa kuwashika mkono. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Yangu yalikuwa hivi. Shule moja ya kibinafsi upande wa Siaya iliniomba bei ya mabati na rangi. Nikaandika 580,000. Kichwani nilijua VAT itawekwa juu yake, lakini kwenye karatasi sikuandika neno hata moja kuhusu VAT. LPO, oda yao rasmi ya kununua, ikaja, 580,000. Nikapeleka mali pamoja na invoisi ya 672,800. Mhasibu wao akaniita ofisini, akaitandaza kwotesheni yangu mezani, akasema, "Mama, bei uliyotupa ni hii." Hakuwa na kosa. Mnunuzi halazimiki kulipa kitu ambacho hukukiandika.

Sasa angalieni hesabu, maana uchungu uko hapo.

Mali ile niliinunua kwa jumla 470,000, na VAT juu yake 75,200, nikalipa 545,200. Ningeuza 580,000 na VAT juu (92,800), ningepokea 672,800. KRA, mamlaka ya mapato, ningepelekea 92,800 toa 75,200 niliyokwisha kulipa kwa wauzaji wangu, yaani 17,600. Faida ingebaki 110,000.

Lakini VAT ilipoingia ndani ya 580,000, mambo yakageuka. Ndani ya hizo pesa, 80,000 ni VAT na 500,000 ndiyo bei yangu. KRA nikapeleka 80,000 toa 75,200, yaani 4,800. Faida 30,000. Lori kutoka Kisumu 18,000, vijana wa kupakia na kushusha 6,000. Kazi ya wiki mbili ikaniachia 6,000.

Mtauliza 80,000 nimeitoa wapi. Hapa ndipo wengi hukosea. Bei ikiwa tayari ina VAT ndani, hutoi 16% ya bei hiyo. Bei hiyo si 100 tena, ni 116: mia moja ya muuzaji na kumi na sita ya serikali. Kwa hiyo unagawanya kwa 116 na kuzidisha kwa 16. Kwa simu, njia fupi ninayoitumia mimi ni kugawanya bei kwa 7.25, kwa sababu 116 gawanya kwa 16 ni 7.25. Jaribuni: 580,000 gawanya kwa 7.25 ni 80,000 kamili. Ukitaka bei bila VAT, gawanya kwa 1.16. Ukitaka kuweka VAT juu, zidisha kwa 1.16. Hesabu ni hizo tatu tu.

Ukifanya 16% ya 580,000 unapata 92,800, unampelekea mtu 12,800 ambazo hakudai. Nilifanya hivyo pia, zama za mashine ya ETR ya kutoa risiti, kabla ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki. Nilikuwa nachukua jumla ya siku kutoka kwenye mashine, ambayo ina VAT ndani, naiingiza kwenye ritani, ripoti ya kodi ya kila mwezi, kama mauzo kabla ya VAT, na mfumo unaipiga 16% nyingine. Miezi mitatu nililipa zaidi bila kujua. Niliigundua nilipolinganisha karatasi za mashine na ritani moja moja, nikarekebisha.

Kwa hiyo kabla ya bei yoyote kutoka dukani kwangu sasa najiuliza: iko ndani au iko juu? Na jibu linaandikwa kwenye karatasi. Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi anisahihishe.

MamaPlastiki_Kibuye, Jumamosi saa 2:41 usiku

Asante sana dada. Mimi nauza mabeseni, ndoo na mitungi pale Kibuye. Kwa mwezi nauza kama laki mbili, Desemba inazidi kidogo. Kuna mteja aliniambia nisipomwandikia VAT kwenye risiti mimi ni mwizi wa ushuru. Nilikosa usingizi. Nifanye nini?

Nyar_Kondele, Jumamosi saa 2:55 usiku

Mama, lala. Kusajiliwa VAT ni lazima mauzo yanayotozwa VAT yakifika milioni tano ndani ya miezi kumi na miwili, au ukiona wazi kwamba yatafika. Hiyo ni kama 416,000 na zaidi kidogo kila mwezi. Wewe uko 2,400,000 kwa mwaka, nusu ya kiwango. Huna VAT ya kumwandikia mtu, na ukiiandika bila kusajiliwa ndipo unapokosea.

Hesabu_Safi, Jumamosi saa 3:20 usiku

Naongezea hapo, mimi ni mhasibu, nafanya ritani za biashara ndogo hapa Kisumu na Busia.

Mama, VAT haikuhusu, lakini ushuru wa mauzo, TOT, unakuhusu. Huo ni wa mwenye mauzo yanayozidi milioni moja na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni 3%, kabla ya hapo ulikuwa 1%. Unalipwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mauzo ya 200,000 ni 6,000. Kumbuka ni 3% ya mauzo yote, si ya faida. Hutoi kodi ya kibanda wala nauli kabla ya kupiga hesabu.

Watu huchanganya TOT na VAT, na nimewakuta waliokuwa wakiweka 3% kwenye risiti ya mteja kana kwamba ni VAT. TOT ni kodi yako wewe ya mapato, inatoka mfukoni mwako. VAT inatoka kwa mnunuzi wa mwisho, wewe unaibeba tu kuipeleka. Na mwenye mauzo ya, tuseme, milioni saba anaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja.

Risiti mpe mteja. Hata asiyesajiliwa VAT anatoa invoisi ya eTIMS, haina VAT ndani yake. Kwa simu ya kawaida unapiga *222#. Ukikwama nenda Huduma Centre na kitambulisho na PIN yako, namba ya mlipa kodi.

MamaPlastiki_Kibuye, Jumamosi saa 3:26 usiku

Mungu awabariki. Na hizo ndoo mimi ninaponunua kwa jumla, VAT nalipa?

Hesabu_Safi, Jumamosi saa 3:31 usiku

Unalipa, iko ndani ya bei. Angalia risiti ya jumla chini, utaiona. Huwezi kuidai, yaani kuitoa kwenye VAT ya kupeleka KRA, kwa sababu hujasajiliwa, kwa hiyo kwako hiyo ni sehemu ya gharama ya ndoo. Ukipanga bei ya kuuza, anza na pesa yote uliyolipa.

Mwalimu_Lurambi, Jumamosi saa 4:05 usiku

Mimi si mfanyabiashara, ni mwalimu Kakamega, ila napenda kujua pesa yangu inaenda wapi. Leo nimenunua supamaketi: unga wa mahindi pakiti mbili 320, mkate 65, sukari kilo mbili 348, mafuta ya kupikia 928, sabuni 232. Jumla 1,893. Nimegawanya kwa 7.25 kama ulivyosema, nimepata 261. Risiti inasema VAT ni 208. Nani amekosea?

Nyar_Kondele, Jumamosi saa 4:18 usiku

Hakuna aliyekosea mwalimu, ila unga na mkate hazina VAT ya kutoa. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida ziko kwenye 0%. Ondoa 385 ya hizo mbili, zinabaki 1,508 za sukari, mafuta na sabuni. Hiyo gawanya kwa 7.25: 208 kamili.

Kwenye risiti kila bidhaa huwa na herufi pembeni, na chini kuna maelezo ya herufi hizo: ipi ni 16%, ipi ni 0%, ipi imesamehewa. Herufi hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo soma yale maelezo ya chini kwanza. Wengi tunaangalia jumla tu na kukunja karatasi.

Mwalimu_Lurambi, Jumamosi saa 4:29 usiku

Nimeona! Herufi zipo kweli, sikuwahi kuzitilia maanani miaka yote hii. Na huo mkate ndio ulioleta moto mwaka 2024, sivyo? Mswada wa Fedha ulitaka kuutoza 16%. Mkate wa 65 ungefika 75 na senti 40. Mswada ulirudishwa bila kusainiwa Juni ile, baada ya vijana kujaa barabarani. Nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha nne wakiniuliza 16% ya mkate ni ngapi, tukafanya hesabu hiyo ubaoni. Sijawahi kuona darasa likisikiliza asilimia kwa makini kiasi kile.

Jiko_la_Bondeni, Jumapili saa 1:15 asubuhi

Salamu kutoka Nakuru. Nina mkahawa, na kila wiki nagombana na wateja juu ya risiti. Kuna mmoja alikuja na kikokotoo chake, bili ilikuwa 1,180, akagawanya kwa 1.16, akaniambia nimemwibia kwa sababu VAT aliyopata si ile iliyoandikwa.

Mkahawa una kitu kingine ndani. Mbali na VAT ya 16% kuna ushuru wa utalii wa 2%, ambao hoteli na mikahawa inatoa. Zote mbili zinapigwa juu ya bei ya chakula. Kwa hiyo bili si 116, ni 118. Hiyo 1,180 gawanya kwa 1.18, unapata 1,000 ya chakula, 160 ya VAT na 20 ya utalii. Nilimkalisha, nikamwandikia kwenye kitambaa cha karatasi, akaelewa, akaagiza chai.

Kwenye orodha yangu ya vyakula ukutani nimeandika "bei zote zina ushuru ndani". Kuna wenzangu wanaoandika bei tupu halafu wanaongeza 18% mwisho. Mtu ameona ugali kuku 500, ana 500 mfukoni, bili inakuja 590. Naona si haki, hasa kwa mtu anayehesabu pesa kabla ya kuketi.

Omera_wa_Jua, Jumapili saa 3:40 asubuhi

Ninyi mnaongea vizuri lakini semeni ukweli. Aliyesajiliwa anaumia. Jirani yangu mlango wa pili hana VAT, anauza chini yangu kwa 16%. Wateja wanakimbilia kwake. Nimefikiria kujifuta kwenye VAT.

Hesabu_Safi, Jumapili saa 5:02 asubuhi

Ndugu yangu, hili nalisikia kila siku, na watu wanaumia kwa kitu ambacho ni kidogo kuliko wanavyodhani. Tulia tufanye hesabu.

Wewe na jirani mnanunua kitu kimoja kwa muuzaji mmoja wa jumla, 1,160. Kila mmoja anataka faida ya 140.

Jirani hana VAT. Hawezi kudai zile 160, kwa hiyo gharama yake ni 1,160. Anauza 1,300, anabaki na 140.

Wewe unadai 160. Gharama yako ni 1,000. Unaongeza faida 140, inakuwa 1,140, unaweka 16% juu: 1,322 na senti 40.

Tofauti ni 22.40. Si 16%. Ni 16% ya ile faida ya 140 peke yake, kwa sababu VAT ya mali mmelipa wote, yeye imejificha ndani ya gharama yake. Kwa hiyo ukiona jirani yuko chini yako kwa 16% nzima, ama faida yake ni ndogo sana, ama ananunua mahali pengine kwa bei nafuu, ama wewe hudai VAT ya manunuzi yako na unaibeba mara mbili. Hilo la mwisho ndilo ninalokuta zaidi nikifungua vitabu vya watu. Risiti ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kaunta.

Jambo lingine: mteja mwenye VAT, kama mkandarasi au hoteli, akinunua kwako 1,322.40 anadai 182.40, gharama yake halisi ni 1,140. Akinunua kwa jirani gharama ni 1,300 nzima. Kwa wateja wa namna hiyo wewe ndiye wa bei nafuu.

Omera_wa_Jua, Jumapili saa 5:20 asubuhi

Mfuko wa plastiki umenishika. Ninao. Hizo risiti za mwaka jana bado zinafaa?

Hesabu_Safi, Jumapili saa 5:34 asubuhi

Una miezi sita, inayohesabiwa tangu mwisho wa mwezi ambao mauzo yalifanyika. Zilizopita hapo zimepotea. Zilizobaki zipange leo hii. Na hakikisha zina PIN yako, risiti isiyo na PIN ya mnunuzi haikusaidii kitu. Vilevile usiweke gari dogo la abiria, wala chakula cha hotelini, wala malazi, hizo hazidaiwi. Kodi ya chumba cha duka inadaiwa kama mwenye nyumba amesajiliwa na ametoa invoisi, maana nyumba ya biashara ina VAT na nyumba ya kuishi haina.

Duka_la_Bungoma, Jumapili saa 7:45 mchana

Na hata ikiwa na PIN yako bado haijatosha. Nilinunua mali ya 200,000 na VAT 32,000 kwa muuzaji mmoja wa jumla, risiti ninayo, nikadai. Mfumo ukakataa, kwa sababu yeye hakuwa ameitangaza kwenye ritani yake. Sheria ni hiyo, muuzaji asipotangaza mauzo, mnunuzi hadai. Nilimfuata miezi, simu, kwenda mwenyewe, kuketi dukani kwake. Mwezi wa tano ndipo akarekebisha, mwezi mmoja kabla ya muda wangu kuisha.

Sasa nikipokea invoisi naipiga picha ile alama ya mraba ya kuskani papo hapo, au naingiza namba yake kwenye tovuti ya KRA, nikiwa bado kwenye kaunta yake. Ikikosekana, nalipa baadaye.

Kivuko_Busia, Jumapili saa 9:10 alasiri

Huku mpakani swali ni jingine. Wateja wangu wengi wanatoka Uganda. Niliambiwa mali inayoenda nje ni 0%, kwa hiyo nisiwatoze. Ni kweli?

Hesabu_Safi, Jumapili saa 9:48 alasiri

Ni kweli kwa mali iliyopita forodhani na hati zikatoka zikionyesha wewe ndiye umeiuza nje. Mtu akija dukani kwako Busia, akalipa, akapakia kwenye bodaboda na kuvuka mwenyewe, hayo ni mauzo ya Kenya, 16%. KRA wakija kukagua wataomba hati, na hadithi ya kwamba mteja alikuwa Mganda haitakusaidia. Kwa mteja mkubwa, tumia wakala wa forodha, hati zije kwa jina lako.

Na kwa kuwa umegusa 0%, niseme tofauti ambayo inawagharimu watu pesa nyingi. Kuna 0% na kuna kusamehewa. Kwa mnunuzi zote zinaonekana sawa, hakuna VAT kwenye risiti. Kwa mwenye biashara ni mbingu na ardhi. Mwoka mkate yuko kwenye 0%: anauza bila VAT lakini VAT aliyolipa kwa karatasi za kufungia na umeme anaidai na kurudishiwa. Mwenye kliniki amesamehewa: hatozi, na hadai. Akinunua vitanda kwa 116,000, zile 16,000 zimekwisha, ni gharama yake. Shule ni vivyo hivyo, bima pia, na nauli ya matatu. Mboga, matunda na mazao mengine ya shamba ambayo hayajasindikwa nayo yamesamehewa, ndiyo maana mama wa nyanya pale Jubilee hana haja ya kusajiliwa VAT hata akiuza kwa mamilioni, ingawa TOT inaweza kumhusu.

Nyar_Kondele, Jumapili saa 11:30 jioni

Hapo umenifungua macho. Kumbe ndiyo sababu ile shule haikutaka kusikia habari ya VAT juu. Wao wamesamehewa, hawawezi kuidai. Zile 92,800 zingekuwa gharama yao moja kwa moja. Mkandarasi asingejali.

Hesabu_Safi, Jumapili saa 11:41 jioni

Ndivyo. Kabla ya kuandika bei, jua unamwandikia nani.

Tenda_Vihiga, Jumapili saa 1:05 usiku

Wanaouzia kaunti na mashirika makubwa msishtuke mkilipwa pungufu. Mnunuzi aliyeteuliwa na KRA anazuia 2% ya bei kabla ya VAT na kuipeleka moja kwa moja. Invoisi ya 580,000 yenye VAT ndani, 2% inapigwa kwa 500,000, yaani 10,000. Si hasara, ni malipo ya VAT yako yaliyotangulia. Cheti kinatokea iTax, mfumo wa KRA mtandaoni, na kiasi chake unakipunguza kwenye ritani. Nilikaa mwaka mzima nikidhani ni ada ya kaunti.

Mzee_wa_Njoro, Jumapili saa 2:20 usiku

Watoto wangu, nimesoma yote. Nilikuwa na duka tangu siku za ushuru wa mauzo wa zamani, ule ulioanza mwaka 1973. VAT ilichukua nafasi yake mwaka 1990. Ule wa kwanza haukuwa na hii ya kudai ulicholipa kama ilivyo leo, ndiyo maana sisi wa zamani tulichelewa kuelewa na tukalipa mara mbili kwa miaka.

Nina swali. Mjukuu wangu anapanga vitabu vya duka, amekuta risiti za mwaka 2020 ambazo 16/116 haikubali.

Nyar_Kondele, Jumapili saa 2:33 usiku

Shikamoo mzee. Mwaka ule wa korona VAT ilishushwa hadi 14%, kuanzia Aprili mosi hadi Desemba 31, kisha Januari 2021 ikarudi 16%. Risiti za miezi hiyo mjukuu atumie 14 gawanya kwa 114. Na kama kuna risiti za petroli, hizo kuanzia Septemba 2018 zilikuwa 8% hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipozipandisha hadi 16%.

Mzee_wa_Njoro, Jumapili saa 2:50 usiku

Marahaba. Imekubali.

Bei_Poa_254, Jumatatu saa 4:12 asubuhi

Mbona hamsemi ile ya "bila risiti"? Kila duka ukiuliza wanakupunguzia ukikubali kutochukua risiti.

Nyar_Kondele, Jumatatu saa 4:50 asubuhi

Nitasema, kwa sababu wanaoniomba hivyo dukani ni wengi, na sifanyi. Kwanza ni pesa ya serikali uliyokwisha kukabidhiwa, ukiizuia ni wizi hata kama mlikubaliana wawili. Pili, mnunuzi anadanganywa hesabu. Kitu cha 11,600 ndani yake VAT ni 1,600. Anayekupunguzia 800 bila risiti ameweka 800 nyingine mfukoni mwake. Na tatu, kama wewe ni mwenye biashara, umekosa kudai 1,600, na tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na invoisi ya eTIMS hayakubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato pia. Umeokoa 800 na kupoteza zaidi ya mara mbili. Halafu bati likitoboka baada ya mwezi, utalirudisha kwa karatasi gani?

Hesabu_Safi, Jumatatu saa 5:15 asubuhi

Na wale waliosajiliwa ambao hawakuuza kitu mwezi uliopita: ritani ni lazima, ya sufuri. Tarehe 20 ikipita, faini ni 10,000 au 5% ya ushuru, ile iliyo kubwa. Nimeona duka lililofungwa kwa ugonjwa likakusanya faini za miezi minane kwa mauzo ya sufuri.

Nyamasaria_Vifaa, Jumatatu saa 1:40 usiku

Habari zenu. Mimi ndiye yule kijana wa kwotesheni. Mama Kondele asante, nimefuata ulivyonielekeza. Sasa imekaa hivi: mali 412,000, VAT 16% ni 65,920, jumla 477,920. Napeleka shuleni kesho asubuhi.

Hesabu_Safi, Jumatatu saa 1:52 usiku

Subiri usiende. Umesajiliwa VAT?

Nyamasaria_Vifaa, Jumatatu saa 1:55 usiku

Bado. Duka lina miezi minne tu. Nina PIN ya kawaida.

Nyar_Kondele, Jumatatu saa 2:03 usiku

Mwanangu, kosa ni langu. Nilikupa dawa ya ugonjwa wangu bila kukuuliza kama unao. Ule mstari wa VAT utoe kabisa. Ulinunua kwa bei gani?

Nyamasaria_Vifaa, Jumatatu saa 2:10 usiku

Nililipa 406,000, VAT ikiwa ndani. Risiti inaonyesha 350,000 na VAT 56,000. Nikachukua 350,000, nikaongeza faida yangu 62,000, ndiyo 412,000.

Hesabu_Safi, Jumatatu saa 2:24 usiku

Hapo ndipo ungezama. Zile 56,000 huzidai popote, ni gharama yako. Ungeondoa mstari wa VAT na kuacha 412,000, faida yako ni 6,000 kabla ya usafiri. Anza na 406,000, ongeza 62,000, ni 468,000. Bei moja, bila neno VAT. Shule inalipa 9,920 chini ya ile uliyoandika, ambayo ni 16% ya faida yako, kama nilivyomwonyesha Omera hapo juu. Na kwa shule isiyoweza kudai VAT, hiyo 9,920 ni pesa taslimu kwao. Usisahau pia 3% ya TOT kama mauzo ya mwaka yatazidi milioni moja, kwa tenda hii ni 14,040. Iweke kando siku unayolipwa.

Nyamasaria_Vifaa, Jumanne saa 3:05 asubuhi

Nimepeleka 468,000. Bosari ameikubali, ameomba invoisi ya eTIMS siku ya kushusha mali. Nimejaribu *222# nikiwa hapa langoni, imefunguka.